Mara Saba

Wanasema damu ni nzito kuliko maji.
Yangu si nzito.
Yangu haijui kusimama. Ikishatoka mlangoni
inasahau kwamba ina kwao.

Łódź, majira ya theluji, nina miaka sita.
Goti limeumuka kama unga uliozidishwa hamira.
Wauguzi watatu, na wa nne alikuwa mama.
Mmoja bega, mmoja mkono, mmoja sindano,
na mama,
mama miguu.
Vidole vyake vya kiwandani, vilivyozoea kuunga uzi
mashine ikiwa bado inazunguka,
vilinibana vifundoni bila kutetemeka.
Walitafuta mshipa mara saba.
Nilihesabu, maana hesabu ndicho kitu pekee changu
ambacho hapakuwa na mtu aliyekishikilia.

Goti lilipona, kwa kiasi chake. Sasa linatabiri mvua.

Siku hizi dawa ni kichupa ndani ya friji,
kando ya siagi na haradali.
Najichoma mwenyewe, Jumatatu na Alhamisi.
Niseme kweli: natakiwa kujichoma.
Ziko Alhamisi nimekaa ukingoni mwa bafu,
mpira umefungwa mkononi hadi vidole vimeiva zambarau,
spiriti inanukia,
nami nina miaka arobaini na saba
na nina miaka sita.
Daktari wa damu aliandika: mgonjwa hazingatii dawa.
Akapigia mstari.

Bi Dobrochna hakuandika kitu.
Chumba chake kiko juu ya fundi wa cherehani,
sakafu inatetemeka kidogo mtu akijaribu pedali.
"Kaa pale unapouona mlango," aliniambia siku ya kwanza.
Nikakaa miezi mitatu nikiutazama mlango,
nikimsimulia habari za hali ya hewa, kazi, bei ya makaa.
Mwezi wa nne akauliza:
"Miguu alishika nani?"
Nikamweleza wale wauguzi, nguo zao, saa ya ukutani.
Akangoja nimalize saa ya ukutani.
"Nimeuliza miguu."

Jioni ile tramu ilinipitisha vituo viwili
kabla sijajua kwamba nimepitishwa.

Februari mama alilazwa. Miaka themanini na moja,
mishipa yake imejificha ndani ya ngozi
kama nyuzi zilizokatikia kitambaani.
Muuguzi kijana alichoma, akakosa. Akachoma, akakosa.
Mama akageuzia uso ukutani, kimya,
ila miguu chini ya blanketi ilikuwa inatembea.
"Tumshikilie?" kijana akaniuliza,
kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza sukari.

Nikasikia spiriti. Nikautafuta mlango,
nikauona. Ulikuwa wazi.
Nikabaki.
"Mwulize yeye," nikasema.
Kisha nikamwuliza mimi: "Mama, nikushike?"

Alikawia. Kisha mkono ukatoka,
mwepesi, wenye kovu la mashine kwenye kidole gumba,
ukanishika ulivyotaka wenyewe.
Kijana alipata mshipa. Sikuona alivyoupata.
Mama bado alikuwa anautazama ukuta aliposema:
"Waliniambia nikikuachia utakufa."
Halafu, kitambo kirefu baadaye,
toroli la chai lilipokwisha kupita:
"Saba. Walikuchoma mara saba."

Miaka arobaini na moja nilidhani
nilikuwa peke yangu nikihesabu.

Sikumsamehe pale. Wala sikujua kama kuna la kusamehe.
Nilimmenyea chungwa, tukala, akalalamika ni kali.

Alhamisi iliyofuata sikuweza.
Nilimpigia Bi Dobrochna, nikamwambia sikuweza,
na chini yake cherehani ilikuwa inakimbia.
Ijumaa nilipata mshipa mara ya pili.
Nikabandika pamba, nikakaa ukingoni mwa bafu,
nikaisubiri damu yangu isiyojua kusimama
isimame polepole.
Sikuiharakisha.